Taji la Florida: Mbegu zilipandwa kwingine, mavuno yakafanyika Gainesville

CHUO Kikuu cha Florida kilipoilaza Houston 65-63 usiku wa Aprili 7, 2025 katika ukumbi wa Alamodome mjini San Antonio, Texas, mashabiki wake walisherehekea taji la tatu la mpira wa kikapu wa wanaume wa vyuo vya Marekani, baada ya yale ya 2006 na 2007.

Hata hivyo, orodha ya wachezaji watano walioanza mechi hiyo ilibeba habari nzito kuliko matokeo yenyewe. Kati ya hao watano, ni mmoja tu, Alex Condon kutoka Australia, aliyeanzia masomo yake ya chuo hapo Florida. Wanne waliosalia walilelewa na kunolewa na vyuo vingine kabla ya kuhamia mji wa Gainesville, ambako chuo hicho kipo.

Walter Clayton, aliyetawazwa mchezaji bora wa awamu ya mwisho ya mashindano, alitoka Iona, chuo kidogo cha jimbo la New York. Will Richard alitoka Belmont, Alijah Martin akatoka Florida Atlantic, naye Rueben Chinyelu, kijana wa Nigeria, akatoka Washington State.

Ni vigumu kuelewa msimu huo wa Florida, na kule mchezo wa vyuo unakoelekea, bila kuuliza vijana hao walifikaje hapo, nani aliyefaidika na safari zao, na nani aliyeachwa mikono mitupu.

Hakuna anayeweza kudai kwamba taji hilo liliokotwa. Florida ilimaliza msimu ikiwa imeshinda mechi 36 na kupoteza 4 pekee. Ilitwaa ubingwa wa muungano wa vyuo vya kusini mashariki, SEC, ambao msimu huo uliingiza timu 14 katika mchujo wa kitaifa, idadi ambayo haijawahi kufikiwa na muungano mwingine wowote awali.

Katika mchujo wenyewe, vijana wa kocha Todd Golden waliponea chupuchupu mara kadhaa. Waliwang'oa UConn, waliokuwa mabingwa wa 2023 na 2024, kwa 77-75. Dhidi ya Texas Tech walikuwa nyuma kwa alama 9 huku zikisalia takriban dakika tatu, lakini wakageuza mambo na kushinda 84-79. Katika nusu fainali, Clayton alifunga alama 34 Auburn ilipozimwa 79-73.

Fainali nayo ilikuwa ya kuumiza roho. Houston ilikaba kila pembe kiasi kwamba Clayton hakupata hata alama moja katika kipindi cha kwanza. Mapema katika kipindi cha pili, Florida ilikuwa nyuma 42-30. Ni Richard, kwa alama zake 18, aliyeizuia jahazi kuzama mapema, kabla ya Clayton kuzinduka na kufunga alama 11.

Sekunde za mwisho ziliamuliwa na ulinzi. Emanuel Sharp wa Houston aliruka kurusha mpira wa alama tatu, Clayton akamfikia, naye Sharp akalazimika kuuachilia mpira udunde. Kanuni hazikumruhusu kuugusa tena kabla ya mwingine. Condon alijirusha sakafuni akaunyaka, na huo ukawa mwisho wa ubishi.

Kwa Houston lilikuwa jeraha juu ya kovu. Chuo hicho kilikuwa kimepoteza fainali za 1983 na 1984, enzi za Hakeem Olajuwon wa Nigeria, na sasa kilirudi nyumbani bila kombe kwa mara ya tatu.

Mabadiliko yaliyotokea huonekana wazi zaidi mtu akiilinganisha timu hii na ile ya Florida iliyoshinda 2006 na 2007. Kikosi hicho cha awali, cha kina Joakim Noah, Al Horford na Corey Brewer, kilikua pamoja. Baada ya taji la kwanza, wachezaji wake wakuu walikataa kukimbilia ligi ya kulipwa ya NBA, wakarudi chuoni, na watano walewale walioanza fainali ya kwanza wakaanza na ya pili.

Wakati huo, mchezaji aliyehamia chuo kingine katika mchezo huo alilazimika kukaa nje msimu mzima. Wala hakuruhusiwa kupokea malipo ya kutangaza bidhaa, hata kama jezi yenye nambari yake iliuzwa katika kila duka la mji.

Kuta hizo zilianza kubomoka 2021. Juni mwaka huo, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, lilikiuka sheria ya ushindani kwa kuwekea mipaka manufaa ya kimasomo ya wanamichezo. Kuanzia Julai 1, 2021, wachezaji wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao.

Mwaka huohuo waliruhusiwa kuhama mara moja bila adhabu. Kufikia Aprili 2024, kikomo hicho nacho kiliondolewa, na mwanafunzi aliyetimiza masharti ya masomo akawa huru kuhama kila mwaka.

Juni 6, 2025, miezi miwili baada ya fainali ya San Antonio, jaji wa serikali kuu aliidhinisha maafikiano makubwa zaidi. Wanamichezo wa miaka iliyotangulia watalipwa fidia ya takriban dola bilioni 2.8 kwa kipindi cha miaka kumi. Aidha, kila chuo kilichojiunga na mpango huo kiliruhusiwa kuwagawia wanamichezo wake hadi takriban dola milioni 20.5 katika mwaka wa masomo wa 2025-26.

Mgala muue na haki yake mpe. Utaratibu wa zamani ulikuwa wa dhuluma. Makocha walilipwa mamilioni na kuhama watakavyo, vyuo vikavuna fedha za runinga, naye kijana aliyewajaza watu uwanjani akaambiwa kuwa karo na chakula vyamtosha. Clayton mwenyewe alihamia Florida 2023, mwaka ambao kocha wake wa Iona, Rick Pitino, aliondoka kwenda chuo kikubwa zaidi. Kama kocha ana haki ya kutafuta malisho mema, ni kwa msingi gani mchezaji anyimwe?

Tatizo, basi, si uhuru wa mchezaji. Tatizo ni kwamba uhuru huo umewekwa katika soko lisilo na utaratibu wa kumkumbuka aliyepanda mbegu.

Mashabiki wa soka wanaelewa jambo hili vizuri. Chini ya kanuni za FIFA, klabu iliyomkuza mchezaji tangu utotoni hupata fidia ya mafunzo, na anapouzwa baadaye kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea. Kwa njia hiyo, timu ndogo ya mtaani inaweza kujenga choo au kununua mipira kutokana na jasho la kijana iliyemlea.

Katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani hakuna utaratibu wa jumla wa aina hiyo. Iona, Belmont na Florida Atlantic ziliona vijana wake wakibeba kombe wakiwa na jezi ya wengine. Chuo kidogo kimegeuka shamba la miche, nacho hulima upya kila msimu.

Kisa cha Washington State ndicho kinachopaswa kumgusa zaidi msomaji wa Kenya. Chuo hicho cha mji wa Pullman ndicho kilichomlea Henry Rono, mwanariadha aliyeushangaza ulimwengu 1978 kwa kuweka rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3,000, mita 5,000, mita 10,000 na mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Rono alifariki Februari 2024, na jina lake lingali miongoni mwa fahari kuu za chuo hicho.

Mwaka huohuo wa 2024 ndio muungano uliokuwa na Washington State, Pac-12, ulisambaratika. Vyuo 10 kati ya 12 vilihamia miungano mingine iliyoahidi fedha nono za runinga, vikaviacha Washington State na Oregon State vikiwa mayatima. Kocha wa mpira wa kikapu aliondoka kwenda Stanford. Chinyelu, aliyekuwa amecheza Pullman kwa msimu mmoja tu, naye akafunga virago. Mwaka mmoja baadaye alikuwa bingwa.

Hakuna anayeweza kumlaumu kijana huyo. Nyumba ilipoanza kuvuja, wenye nyumba walikuwa wa kwanza kutoka. Lakini mwanariadha wa mbio au mrusha mkuki wa chuo kama hicho, ambaye mchezo wake hauletewi kamera za runinga, hana pa kukimbilia kwa urahisi hivyo.

Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la Gainesville na kuwa la Iten na Eldoret. Kwa zaidi ya nusu karne, ufadhili wa vyuo vya Marekani umekuwa ngazi ya vijana wa Kenya wenye miguu myepesi na mifuko mitupu. Ngazi hiyo ingalipo: Doris Lemngole wa Chuo Kikuu cha Alabama alikuwa bingwa wa vyuo katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji mwaka 2024, kisha akatetea taji lake 2025.

Swali ni kama itabaki imara. Riadha haiingizi fedha kama mpira wa kikapu au kandanda ya Kimarekani. Chuo kinapotakiwa kutafuta mamilioni ya kuwalipa wachezaji wa michezo hiyo miwili, mkono wa mhasibu huelekea kwanza kwenye michezo isiyojilipia. Maafikiano ya 2025 pia yaliweka kikomo cha idadi ya wanamichezo katika kila timu, hatua iliyowafungia nafasi baadhi ya waliokuwa pembezoni.

Isitoshe, mgeni hayuko sawa na mwenyeji hata katika mchezo wenye fedha. Viza ya mwanafunzi inabana mno kazi anayoweza kufanya nchini Marekani. Kwa sababu hiyo, mchezaji wa kigeni huingia kwa tahadhari katika mikataba ambayo mwenzake Mmarekani huitia sahihi bila wasiwasi. Wawili wanaweza kuvuja jasho lilelile katika sakafu moja, lakini sheria isiwaruhusu kulipwa kwa njia moja.

Wala viza yenyewe si jambo la kutegemewa daima. Aprili 5, 2025, siku ya nusu fainali, Marekani ilitangaza kufuta viza za wote waliokuwa na pasipoti za Sudan Kusini, kufuatia mzozo kuhusu kurejeshwa kwa watu waliofukuzwa nchini humo. Siku iyo hiyo, Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda na kuanza mpira wa kikapu huko Kampala, alikuwa uwanjani San Antonio na Duke, iliyoshindwa na Houston 70-67.

Maluach aliteuliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA mwezi Juni mwaka huo. Yeye na Chinyelu wote walipitia kituo cha mafunzo cha NBA nchini Senegal. Wawili hao ni ushahidi kwamba bara hili lina vipaji vya kufika kileleni. Lakini ni ushahidi pia wa jinsi tangazo moja la serikali linavyoweza kuweka shakani kazi ya miaka mingi.

Kwa mzazi, mwalimu au kocha wa Afrika Mashariki anayemtayarisha kijana kwa safari kama hiyo, funzo la msimu wa Florida si kwamba mlango umefungwa. Ni kwamba barua ya ufadhili haitoshi kusomwa kwa machozi ya furaha pekee. Ufadhili ni wa mwaka mmoja au hadi mwisho wa shahada? Kocha akihama, ahadi zake zitabaki na nani? Kijana akihamia chuo kingine, masomo aliyokwisha kufaulu yatahesabiwa? Akivunjika mguu, nani atamtibu?

Hayo ni maswali ambayo mashirikisho ya michezo na wizara zinazohusika zingepaswa kuwasaidia wazazi kuyauliza, badala ya kungoja kijana arudi na medali ndipo wajitokeze kumpokea uwanja wa ndege.

Kwa Florida, kombe halikuwa limepata vumbi kabla ya soko kufunguliwa tena. Clayton, Martin na Richard waliteuliwa na timu za NBA Juni 2025. Wachezaji wa akiba Denzel Aberdeen na Sam Alexis walihamia Kentucky na Indiana. Nafasi za walinzi zilijazwa na Boogie Fland kutoka Arkansas, na Xaivian Lee kutoka Princeton, chuo kisichotoa ufadhili wa michezo hata kidogo.

Huko Princeton, kama ilivyokuwa Iona na Pullman, makocha walichukua majembe na kuanza kulima upya.