Gemu za likizo: mzazi ajue anachokicheza mwanawe

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola Mlezi wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata njia yao. Ama baad.

Shule zimefungwa, nyumba zimejaa watoto, na simu ya mama haikai tena juu ya kabati. Kila likizo wazazi huuliza swali lile lile: je, gemu ni halali au ni haramu? Swali hilo lina nia njema, ila huulizwa kana kwamba gemu zote ni kitu kimoja. Mtu akienda kwa sheikh kuuliza iwapo kitabu ni halali, naye ataulizwa kwanza: ni kitabu gani, na ndani yake mmeandikwa nini? Hukumu ya kisharia tunawaachia masheikh wetu, nao hawawezi kuitoa kwa haki mpaka mzazi aweze kueleza kinachochezwa nyumbani kwake. Wiki hii, basi, tumeona tuzipitie gemu chache ambazo watoto na wakubwa wamekuwa wakizifurahia, tutazame kila moja inatoa nini na inachukua nini.

Kabla ya hapo tukumbushane kwamba dini yetu haikuja kuufuta mchezo. Siku ya Idi Mtume (S.A.W.) alimsitiri Bibi Aisha (R.A.) kwa shuka yake, akasimama naye mpaka alipotosheka mwenyewe kuwatazama Wahabeshi wakicheza na mikuki yao msikitini. Alishindana naye mbio. Alimkuta na wanasesere wake asimkemee. Alimtania mtoto mdogo, Abu Umayr, kwa kumuuliza habari za kindege chake. Mzazi anayemfundisha mwanawe kuwa kila mchezo ni dhambi anamfundisha jambo ambalo Mtume hakulifundisha. Lakini Mtume huyo huyo alitutahadharisha juu ya neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo, nazo ni afya na wasaa. Kwa mizani hiyo na tuendelee.

Mpira wa kwenye skrini

Gemu ya mpira ndiyo inayotawala majumbani na katika mabanda ya mitaani. Iliyo mashuhuri zaidi ilianza mwaka 1993 kwa jina la FIFA. Mwaka 2023, baada ya kampuni ya EA kuachana na shirikisho hilo la mpira, ikaitwa EA Sports FC, ingawa vijana wetu wengi bado huiita FIFA. Mshindani wake ni Konami ya Japani, ambayo mwaka 2021 iliibadili Pro Evolution Soccer kuwa eFootball, gemu isiyo na bei inayopatikana hata katika simu.

Wema wa gemu hii hauna haja ya kufichwa. Inachezwa na watu wawili walioketi bega kwa bega. Inaisha: filimbi ya mwisho hupulizwa baada ya dakika chache, na aliyefungwa lazima ajifunze kupeana mkono na aliyemfunga. Kaka mkubwa na mdogo wake wasiosomeana vitabu hukaa pamoja kwa ajili yake. Baba anayechukua padi moja na kukubali kufungwa mabao manne na mwanawe wa miaka kumi hajapoteza heshima yake; amepata nusu saa ya mazungumzo ambayo asingeipata kwa kuitisha kikao.

Kuna jambo moja, hata hivyo, la kuangaliwa huko mabandani. Ipo desturi ya kwamba wawili wanacheza na aliyefungwa ndiye anayelipia mchezo wote. Watoto huiona kuwa utani. Masheikh wetu wamefundisha siku zote kwamba shindano ambalo kila mmoja anahatarisha fedha yake, mmoja apate na mwingine apoteze, ni mlango wa kamari, hata kama fedha yenyewe ni sarafu moja. Dawa yake ni nyepesi: kila mtoto alipe sehemu yake kabla ya mchezo kuanza, kisha wacheze kwa furaha.

Kisiwa cha watu hamsini

Free Fire, ya kampuni ya Garena ya Singapore, ilitolewa mwaka 2017. Wachezaji 50 hushuka kisiwani kwa miavuli, wakatafuta silaha, na eneo la usalama likawa linapungua mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Haina bei na hufanya kazi katika simu za bei nafuu, ndiyo maana imewafikia watoto wa kila mtaa. Ndugu yake, PUBG Mobile ya mwaka 2018, hukusanya watu 100.

Hapa mzazi awe macho zaidi. Kwanza, kuua ndiyo kazi ya mchezo, na kumzoesha mtoto mdogo kuona roho ikitoka kama jambo la kuchekesha si malezi. Pili, mtoto huweza kuzungumza kwa sauti na watu asiowajua, wenye umri asioujua, kwa maneno ambayo hayasikiki nyumbani kwenu. Tatu, mchezo wa mtandaoni hausimamishwi. Ukimwita mtoto katikati, anawaacha wenzake wa kikosi wakishindwa, na ndiyo sababu mtoto mtiifu hujibu "nakuja" asije. Mchezo mmoja wa Free Fire huchukua takribani dakika kumi, na wakati wa adhana unajulikana tangu asubuhi. Kinachotakiwa, basi, ni kutoanza mchezo adhana ikikaribia, badala ya kupigania simu wakati muadhini ameshafika "Hayya alas-Swalah".

Tena gemu hizi hubadilika zikiwa tayari mikononi mwa watoto. Mwaka 2020 PUBG Mobile iliongeza sehemu ambamo mhusika wa mchezo huinama mbele ya masanamu ili apate vifaa na nguvu. Waislamu wakalalamika, na wenye gemu wakaiondoa sehemu hiyo na kuomba radhi. Funzo ni mawili: gemu uliyoikagua Shaaban si lazima iwe ile ile Shawwal, na Waislamu wakisema kwa adabu na kwa hoja husikilizwa.

Matofali ya Minecraft

Minecraft ilitoka rasmi mwaka 2011 kutoka kampuni ya Mojang ya Uswidi. Mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni hiyo kwa dola bilioni 2.5, na kufikia mwaka 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Kazi yake ni kuchimba na kujenga. Ulimwengu wote umetengenezwa kwa matofali ya mraba, na mtoto huweza kusimamisha nyumba, daraja, au msikiti wenye kuba na minara, akawaita wadogo zake waje kuona.

Si mchezo wa kitoto tu. Tangu mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, limeshirikiana na Mojang katika mradi wa Block by Block, unaowapa wakazi wa mijini nafasi ya kuchora kwa Minecraft viwanja na bustani wanazotaka katika mitaa yao. Kibera, hapo hapo Nairobi, ni miongoni mwa mahali pa mwanzo mradi huo ulipofika. Mkazi asiyejua kusoma ramani ya mhandisi aliweza kuonyesha mahali anapotaka taa na mahali anapotaka njia.

Kasoro yake ni kwamba haina filimbi ya mwisho. Siku zote kuna ukuta mmoja zaidi wa kujengwa. Gemu ambayo haijiwekei mwisho yenyewe inamhitaji mzazi aliyeuweka mwisho huo kabla ya kuanza.

Peremende za wakubwa

Sasa tujigeukie sisi wazazi. Candy Crush Saga, iliyotoka mwaka 2012, ni mchezo wa kupanga peremende za rangi, na wanaoucheza sana ni watu wazima: katika daladala, ofisini, na kitandani baada ya Isha. Hauna damu wala matusi. Lakini tazama ulivyoundwa. Mchezaji hupewa maisha matano; akiyamaliza hungoja nusu saa ili moja lirudi, au alipe. Hatua zake ni maelfu, na mpya huongezwa kila mara. Kungoja huko ndiko kunakomfanya mtu achungulie simu mara kumi kwa siku. Mama anayemkataza mwanawe Free Fire huku kidole chake kikisukuma peremende anafundisha kwa vitendo kinyume cha anachokisema, na watoto wetu husoma zaidi matendo yetu.

Pakiti zilizofungwa

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya. Damu inaonekana, na matusi yanasikika. Ila kuna kitu kinachoingia nyumbani kimya, ndani ya gemu zenye sura njema kabisa. Katika EA Sports FC mtoto hujenga timu yake kwa kufungua pakiti: analipa, pakiti inang'aa, naye hajui kama atamkuta nyota wa dunia au mchezaji asiyemtaka. eFootball nayo ina sarafu na droo ya wachezaji. Free Fire ina almasi na gurudumu la bahati.

Kampuni husema hiyo si kamari, kwa kuwa kila pakiti ina kitu ndani. Serikali zenyewe zimetofautiana. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilitamka kuwa pakiti za namna hiyo ni kamari, na mapema mwaka 2019 EA ikaacha kuuza pointi za kununulia pakiti katika nchi hiyo. Uholanzi iliitoza EA faini, lakini mwaka 2022 mahakama ikaifuta. Uingereza, mwaka huo huo, iliamua kutoibadili sheria yake ya kamari kwa ajili ya pakiti hizo.

Muislamu ana kipimo kilicho karibu zaidi. Fikiria muuza duka akuuzie gunia lililoshonwa, akakwambia huenda ndani ni mchele wa Mbeya na huenda ni pumba, lakini hutatoka mikono mitupu. Ungelinunua? Sharia imekataza biashara ya kulipa fedha inayojulikana kwa kitu kisichojulikana. Tena Qur'ani, katika Suratul Maida, haikuishia kuikataza kamari. Imetueleza madhara yake: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiliwa na kumkumbuka Allah na kuswali. Mzazi aliyekuta salio lake la fedha za simu limepungua, akagombana na mwanawe, na wote wawili wakapitwa na Magharibi, ameyaona madhara hayo sebuleni kwake.

Na hatari haiishii hapo. Mtoto aliyezoea kwa miaka mitano raha ya kufungua pakiti amekwisha kufundishwa moyo wa kubeti kabla hajafika dirisha la kubeti. Atakapopita mbele ya mashine za kamari mtaani hatakuta kitu kigeni.

La kufanya

Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya maradhi, iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine ya maisha, na kuendelea nayo licha ya madhara, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 12. Kwa hiyo mtoto anayependa gemu likizoni si mgonjwa, na tusimpe jina hilo. Lakini aliyeacha kula, kusoma na kuswali kwa ajili yake, huyo anahitaji msaada, si fimbo.

Kwa walio wengi, haya yanatosha. Namba ya siri ya fedha isijulikane kwa mtoto, na simu ipangwe idai idhini kabla ya ununuzi wowote. Muda ukubaliwe kabla ya mchezo, nao ufungwe kwenye swala: baada ya Alasiri mpaka nusu saa kabla ya Magharibi, kwa mfano, ni kipimo anachokielewa hata mtoto wa miaka saba. Gemu ichezwe sebuleni, si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Soma alama ya umri, lakini usiitegemee peke yake: kwa miaka mingi gemu ya FIFA ilibeba alama ya kufaa kuanzia miaka 3 katika nchi za Ulaya, na pakiti zikiwa ndani yake.

Na lililo kubwa kuliko yote, keti naye. Mwombe akufundishe. Mzazi anayejua jina la gemu, anayejua inavyoisha na inavyodai fedha, akisema "hii hapana" husikilizwa, kwa sababu mtoto anajua kuwa hakukataza kwa kutojua. Sote ni wachungaji, na kila mchungaji ataulizwa juu ya alichokabidhiwa. Tutaulizwa juu ya umri wetu tuliumaliza katika nini, na mali yetu tuliitumia katika nini. Watoto wetu wana umri na mali hiyo mikononi mwetu kwa sasa.

Tunamuomba Allah awafanye watoto wetu kuwa kiburudisho cha macho yetu, atubarikie wakati wetu na wao, na atuepushe na kila kinachotusahaulisha kumkumbuka. Amin.

Wabillahi tawfiq.