Nairobi Si Eastleigh Peke Yake

Wahenga walisema tembea ujionee. Hawakusema tembea ukalale kwa mjomba. Nimeomba nafasi katika gazeti letu la chama niseme jambo ambalo limenikaa rohoni tangu likizo ya Desemba 2024, na ambalo nina hakika litawachoma baadhi yenu. Maoni yangu ni haya: wengi wetu tunaopanda basi hapa Garissa kwenda Nairobi, Nairobi yenyewe hatujafika. Tumefika Eastleigh. Tumekula, tumelala, tumenunua viatu, tumerudi. Halafu hapa shuleni tunajipiga kifua, ati Nairobi tunaijua ndani nje!

Nisieleweke vibaya. Eastleigh siidharau hata kidogo. Mtaa huo ulianzishwa mwaka 1921, na Wahindi na Wasomali walikuwa miongoni mwa wakazi wake wa mwanzo. Kwa hivyo anayedhani Wasomali walifika Nairobi juzi na jana, na asome historia. Isitoshe, jina la mji wetu limo katika biashara ya jiji lile. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi walikimbilia Eastleigh. Palikuwa na nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge. Wakimbizi walipanga vyumba pale, na chumba kilekile kikawa duka mchana na malazi usiku. Polepole vitanda vikatoka, bidhaa zikabaki, na mfano ule ukafuatwa na majumba mengi ya maduka yanayojaza mtaa ule leo. Hiyo ni sifa, na mimi najivunia.

Lakini hebu nikuulize, msomaji. Mtu akitoka Garissa, akashuka basi mbele ya watu wa Garissa, akala anjera na pasta, akanywa chai ya maziwa ya ngamia, akazungumza Kisomali siku kumi, je, huyo amesafiri au amebadilisha kitanda tu?

Mimi mwenyewe siku nne za kwanza nilikaa dukani kwa mjomba. Nilipomwomba ruhusa ya kwenda katikati ya jiji aliniambia, "Abti, huko kuna nini ambacho hapa hakipo?" (Kwetu mjomba na mpwa huitana abti, mkubwa kwa mdogo.) Sikumjibu, maana mkubwa hajibizwi. Siku ya tano kijana mmoja mzaliwa wa Machakos, anayefanya kazi pale dukani, aliniombea ruhusa, naye mjomba akakubali kwa sharti kwamba turudi kabla ya magharibi. Tukapanda matatu namba 9. Ni safari ya kilomita chache tu, bwana, lakini nilihisi kama nimevuka mpaka.

Swali la mjomba sasa nina jibu lake, na nitalitoa kwa mafungu matatu: chakula, majengo na muziki.

Kwanza chakula. Najua mtasema, "Na kama si halali?" Swali zuri, na mimi pia nililiuliza. Nyama ina kisu, kwa hivyo lazima ujue nani amechinja. Lakini githeri ina kisu gani? Ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa sufuria moja. Mukimo ni viazi, mahindi na majani ya maboga, vimepondwa pamoja. Nduma huchemshwa ikaliwa na chai. Hata samaki wa Ziwa Viktoria hana shida kwetu. Nilikula githeri kibandani, nimeketi kwenye benchi la mbao kati ya makanga na makarani, na hakuna aliyeniuliza kabila. Kilichowashangaza ni kwamba siku iliyofuata, hoteli nyingine, niliagiza ndizi mbivu nile pamoja na wali. Yule kijana wa Machakos alicheka mpaka akashika mbavu. Kwao ndizi huja baada ya chakula. Nikamwambia aonje. Akaonja, akanyamaza, akachukua nusu nzima!

Huku kwetu wapo wanaosema kwamba mboga za majani ni chakula cha mbuzi. Jameni! Mto Tana unapita hapa mlangoni na mashamba yako kando yake, na bado sisi tunaringia nyama. Tena tukumbuke kwamba pasta tunayoiita yetu ililetwa na Waitaliano walioitawala Somalia. Mchele ulitoka Asia. Chapati ilitoka India. Midomo ya babu zetu ilijifunza vyakula vya wageni, na leo tunaviapia kuwa vya asili. Kama wao waliweza kujifunza, sisi tumekatazwa na nani?

Pili, majengo. Katikati ya jiji kuna Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, ambalo wengi huliita KICC. Lina ghorofa 28, na lilikamilika mwaka 1973. Lilichorwa na Mnorwe Karl Henrik Nøstvik pamoja na Mkenya David Mutiso. Nilikuwa nimeliona kwenye noti na kalenda, lakini kusimama chini yake ni jambo lingine. Shingo inauma! Pembeni mwa mnara kuna ukumbi wenye paa la pia, mfano wa kibanda cha Kiafrika. Nilipoliona paa lile nilimkumbuka nyanya yangu. Herio zetu, zile nyumba za miti iliyopindwa na mikeka, hujengwa na akina mama, hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia na kusimamishwa upya mahali pengine. Hao nao ni wachoraji majengo, ingawa hawana cheti ukutani.

Mwendo mfupi kutoka hapo uko Msikiti wa Jamia, wenye kuba tatu na minara miwili, uliojengwa kati ya 1925 na 1933. Niliswali adhuhuri pale. Kushoto kwangu alikuwa mtu mwenye sura ya Kihindi, kulia kwangu kijana aliyezungumza Kiluhya na mwenzake baada ya swala. Hapo nikajua kwamba hata dini yangu mwenyewe nilikuwa nikiiona kupitia dirisha moja.

Lakini jengo ambalo sitalisahau ni dogo. Liko katika barabara ya Kenyatta, nalo huitwa Kipande House. Ni la mawe, lilijengwa mwaka 1913, na siku hizi ni tawi la benki. Zamani za ukoloni Mwafrika alikuwa akiandikishwa pale na kupewa kipande, kile kitambulisho ambacho wanaume walilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Bila kipande hukuweza kutembea wala kuajiriwa. Nilisimama nje nikalitazama muda mrefu, mpaka askari wa mlangoni akaniuliza nataka nini.

Wenzangu, mnajua kwa nini nilisimama. Mimi nina miaka kumi na sita. Miaka miwili ijayo nitaomba kitambulisho changu. Kaka zetu na dada zetu waliitwa mbele ya kamati za kuwachuja, wakaulizwa babu alizaliwa wapi na kisima chao ni kipi, huku wenzao wa mikoa mingine wakichukua kadi bila maswali hayo. Mnamo Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kwamba uchujaji huo wa ziada umeondolewa. Tumefurahi, na tunangoja kuona. Lakini katika safari yangu ile ya Desemba abiria wote wa basi letu walishushwa kwenye kizuizi, wakapangwa foleni juani, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliulizwa mara tatu kama yeye ni Mkenya. Mara tatu! Hayo yote yalinijia nikiwa mbele ya Kipande House.

Tatu, muziki. Najua wapo waliolelewa wakiambiwa muziki haufai. Sibishani na wazazi wala masheikh. Kila mmoja afuate alivyofunzwa nyumbani. Maneno yangu ni kwa wale ambao simu zao zimejaa nyimbo lakini ngoma halisi hawajawahi kuisikia ikipigwa mbele yao. Yule kijana alinipeleka Bomas of Kenya, mahali palipoanzishwa mwaka 1971 ili kuhifadhi utamaduni wa makabila yetu. Ndani ya ukumbi ule wa mviringo nilisikia isukuti ya Waluhya. Ni ngoma tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, pamoja na pembe ya swala na njuga. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Kwenye simu ngoma inasikika masikioni. Pale inasikika kifuani, kama mtu anayekubishia mlango kwa ndani.

Nilimwona pia mpiga nyatiti wa Kijaluo. Ameketi chini, nyuzi nane mbele yake, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mbao kushika mdundo. Niliambiwa kwamba wapiga gitaa wa benga waliiga vidole vya wapiga nyatiti, nami nikakubali papo hapo, maana niliyasikia magitaa ya matatu ndani ya nyuzi zile. Halafu nikawaza juu ya kaban yetu, ambayo ni ndugu wa udi unaopigwa katika taarabu ya Mombasa. Na hata Eastleigh kwenyewe muziki haukukosekana, kwani kundi la Waayaha Cusub liliundwa na vijana wakimbizi mtaani humo mwaka 2004. Kumbe nyuzi zetu na ngoma zetu ni majirani, wenyewe tu ndio hatujasalimiana.

Sasa nije kwenye kiini. Kuna msemo tunaoutumia hapa bila kufikiri. Mtu akivuka daraja la Tana kwenda Nairobi, tunasema, "Ameenda Kenya." Msemo huu haukuzuka bure. Eneo letu liliwekwa chini ya sheria ya hali ya hatari tangu 1963 hadi 1991, na wazazi wetu waliishi kama watu wa nchi ya pembeni. Siwalaumu hata kidogo. Waliufunga mdomo wa jeraha kwa maneno. Lakini sisi tuliozaliwa baadaye, kwa nini tuurithi? Tukikasirika mtu anapotuuliza kama sisi ni Wakenya, kisha jioni tukasema fulani ameenda Kenya, si tunamjibu sisi wenyewe kwamba hapana?

Haki ya jiji haitoki kwenye karatasi peke yake. Karatasi ni lazima, na tuidai bila kuchoka. Lakini mtu humiliki mahali kwa kupajua: kwa kujua githeri tamu iko kibanda gani, kwa kuswali chini ya kuba, kwa kujua hadithi ya nyumba ya mawe iliyo kando ya barabara. Nairobi ni mji mkuu wa mama yule aliyeulizwa mara tatu, sawasawa na ulivyo mji mkuu wa aliyezaliwa Kariokor. Ukijifungia mtaa mmoja kwa hiari yako, anayetaka kukufungia humo umemrahisishia kazi.

Wengine watanijibu kwamba wakazi wa Nairobi nao hawaji kwetu. Kweli kabisa! Wengi wao wanaijua Garissa kwa habari za huzuni tu, hasa tangu shambulio la Chuo Kikuu la tarehe 2 Aprili 2015 ambalo lilichukua roho za watu 148. Hatuwezi kuwalaumu kwa kuogopa, lakini tunaweza kuwaalika. Waje wale anjera ya asubuhi na nyirinyiri. Waone jinsi herio inavyosimamishwa. Wasikilize buraanbur ya akina mama harusini na waone vijana wakicheza dhaanto. Wakirudi kwao watakuwa na maneno mengine ya kusema.

Kwa hivyo natoa mapendekezo mawili. La kwanza ni kwa walimu walezi wa chama. Mwaka ujao, badala ya kwenda mashindano na kurudi usiku uleule, tuongeze siku moja ya kulitembelea jiji, na tukiwa huko tutafute chama cha Kiswahili cha shule moja ya Nairobi tukialike Garissa. Kiswahili ndicho kilichoniwezesha kuzungumza na mwenye kibanda, na mpiga nyatiti, na hata na askari wa benki. Lugha hii tusiifungie kwenye insha za mtihani.

La pili ni kwenu wenzangu. Ukienda Nairobi likizo ijayo, kula kwa mjomba na umshukuru, kwa sababu ukarimu wake ndio uliokufikisha. Lakini omba ruhusa, panda matatu, ukale mlo mmoja usioujua, ukalitazame jengo moja mpaka ulielewe, ukasikilize ala moja isiyo ya kwenu. Na ukirudi, ukiulizwa ulikuwa wapi, usiseme ulikuwa Kenya. Sema ulikuwa Nairobi. Kenya ulikuwa tangu hapa.