Uchovu Si Uvivu

Aghalabu mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI akisema kuwa amechoka, hujibiwa kabla hajamaliza kauli yake. Huambiwa kwamba dawa anazo, mwili umemjaa, wenzake wanalima na kuchuuza. Basi linalomsumbua ni kudeka. Jibu hili hutolewa na jirani, na mwajiri, na jamaa wa nyumba moja, na hata msomi ambaye elimu yake ilipasa kumzuia. Ni hukumu iliyotangulia ushahidi, na hukumu ya namna hiyo ni dhuluma hata ikivaa joho la nasaha.

Asili ya dhuluma hii haifichiki. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa muda wa miaka ishirini jicho la jamii lilizoea kuyajua maradhi haya kwa kukonda. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure katika hospitali za nchi hiyo mwaka 2004, miili iliyonyauka ilirudi kunawiri. Hapo jicho liligeuza hukumu yake: lile lililomlaani mwembamba sasa humkana mnene, kana kwamba nyama ya shavu ni cheti cha afya.

Uchovu una sababu, na sababu huchunguzwa. Damu ikipungua, nguvu hupungua pamoja nayo, na dawa ya zidovudini yaweza kuipunguza. Efavirenzi iliwasumbua wengi kwa ndoto kali. Dolutegraviri, iliyoanza kushika nafasi yake Tanzania mwaka 2019, nayo huwakosesha baadhi ya watu usingizi. Hao hushauriwa kuimeza asubuhi. Kifua kikuu, malaria, sonona, na virusi vilivyoamka kwa sababu ya dozi zilizorukwa, vyote vyaweza kubisha hodi kwa uchovu. Hakuna hata kimoja kinachoponywa kwa karipio. Anayekaripiwa hujifunza kunyamaza, na mficha maradhi, wahenga walikwisha kusema, kifo humwumbua.

Kwa hiyo kujitunza huanza kwa kusema. Mgonjwa humweleza tabibu uchovu ulianza lini, humjia saa zipi, amelala kiasi gani na amekula nini; wala haachi dawa kwa shauri lake mwenyewe. Kisha hupanga siku yake: kazi nzito huifanya saa ambazo mwili una nguvu, hupumzika kabla ya kuishiwa, hutembea kidogo kila siku ili misuli isilegee, hula chakula chenye kujenga damu, na hujiepusha na pombe ambayo huuvuruga usingizi.

Wapo wanaodai kuwa mapumziko hayo huzaa uvivu. Mvivu huikimbia kazi. Huyu huigawa nguvu yake ili kazi imalizike. Mvuvi anayeketi pwani akishona wavu wake haitwi mzembe, maana kila mtu ajua kwamba wavu uliotoboka haurudi na samaki.

Lakini liko kosa la pili, nalo hukaa midomoni mwa wenye huruma. Hawa huhubiri kujitunza kama kwamba ni wajibu wa mgonjwa peke yake. Mwanamke huambiwa apumzike, na ndoo ya maji, kuni na watoto vinamngoja yeye. Kibarua huambiwa aende kliniki, na ujira wa siku hiyo hukatwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 na ile ya Tanzania ya mwaka 2008 zilikataza ubaguzi kwa sababu ya virusi hivi. Ni sheria njema; walakini hakuna sheria iliyowahi kuteka maji. Anayemwambia mgonjwa apumzike, na aishike ndoo kwanza. Asipoishika, nasaha yake ni mzigo mwingine juu ya kichwa kilichokwisha kuelemewa.