Wapenzi wa Dansi, Tuyape Makundi Yetu Kazi

Wapenzi wa muziki wa dansi popote mlipo, Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, Mombasa, Nairobi, Muscat hadi London, nina ombi kwenu. Wengi wetu tumo kwenye makundi ya zilipendwa, WhatsApp na Facebook. Asubuhi mmoja anatupia wimbo wa Morogoro Jazz. Wa pili anajibu kwa vikatuni vya makofi, wa tatu anaandika "enzi hizo bwana", kisha linafuata tangazo la mikopo ya haraka na dua iliyokwisha kupita kwenye simu za nusu ya nchi. Jioni wimbo umezama. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyepiga lile gitaa la solo, na mzee aliyekuwepo ukumbini bendi ilipoupiga, ambaye yumo humo humo kundini, hakuulizwa neno. Naomba tuyape makundi haya kazi. Yawe mahali ambapo historia ya muziki huu inaandikwa na watu waliouimba, waliouserebukia na walioulipia kiingilio.

Nasema kazi kwa sababu ipo, tena ni kubwa. Bendi zetu nyingi zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam. Kanda zile zilitengenezwa ili zirushwe hewani, si ziuzwe dukani, kwa hiyo msikilizaji hakupata jalada la kusoma majina. Nyimbo zilizobahatika kutoka kwenye santuri, nyingi zilichapwa Nairobi, na lebo ya santuri ndogo ilikuwa na nafasi ya jina la wimbo, la bendi na la mtunzi, basi. Mpiga besi hakuandikwa. Mpiga tumba hakuandikwa. Waitikiaji wawili watatu ambao bila wao chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, lisingechemka, nao hawakuandikwa. Majina yao yako vichwani mwa watu, na wengi wa watu hao sasa wana mvi.

Halafu wanamuziki wenyewe hawakukaa mahali pamoja. Mwaka 1978 Muhidin Maalim Gurumo alitoka JUWATA akaenda kuanzisha Mlimani Park, alikokutana na kina Abel Balthazar waliotoka Dar International. Mwaka 1985 akahamia Safari Sound, ile ya mtindo wa Ndekule, na baadaye akarudi Msondo. Sauti ileile, bendi tatu. Na hiyo Msondo yenyewe ilizaliwa mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, jina la chama cha wafanyakazi, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ndipo ikawa Msondo Ngoma. Upande wa Nairobi mambo yalikuwa hayo hayo: mwaka huohuo wa 1978 kundi la wanamuziki lilijitenga na Simba Wanyika ya ndugu Wilson na George Kinyonga, wenyeji wa Tanga, likaunda Les Wanyika. Kijana wa miaka ishirini anayekutana na nyimbo hizi mtandaoni, zikiwa zimepachikwa majina kiholela na aliyezipandisha, atajuaje nani ni nani asipoelekezwa?

Wapo waliotutangulia. Mwaka 1987 lebo ya Original Music ya John Storm Roberts, Mwingereza aliyeishi Marekani, ilitoa mkusanyo ulioitwa The Tanzania Sound. Mtafiti Mjerumani Werner Graebner alitumia miaka mingi kuzungumza na wanamuziki wa Dar es Salaam na kuandika juu ya bendi zao. Tunawashukuru kwa dhati. Lakini walilazimika kuvuka bahari waje waulize. Sisi tunaishi mtaa mmoja na wazee hawa, tunaswali nao, tunasali nao, tunapanga foleni moja hospitalini, na bado hatujauliza.

Wanazidi kuondoka. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Marijani Rajab alituacha mwaka 1995, TX Moshi William mwaka 2006, Remmy Ongala Desemba 2010, na mzee Gurumo Aprili 2014. Hao ni wenye majina makubwa, ambao magazeti yaliwaandika. Nyuma ya kila mmoja wao kuna wapiga vyombo kumi ambao tanzia zao zilipita kundini tukaandika "poleni sana wafiwa" mara mia mbili, bila hata mmoja kuandika marehemu alipiga nyimbo zipi.

Sasa tufanyeje? Mimi ningeanza na wimbo mmoja kwa wiki. Mmoja tu, usiofuatwa na mwingine mpaka wiki iishe. Admini auweke Jumapili jioni na maswali yake: nani kaimba, nani kapiga solo, nani rithimu, nani besi, nani kapuliza saksafoni, bendi ilikuwa ikipiga ukumbi gani siku hizo, na kisa cha wimbo kilikuwa nini. Mtashangaa. Atatokea mtu aliyekaa kimya tangu aingie kundini aseme kwamba huyo mpiga rithimu alikuwa mpangaji wa baba yake Magomeni. Mwingine atampinga. Wa tatu atakuwa na picha. Mabishano ya namna hiyo, yanayohusu kitu kinachojulikana na kinachoweza kuthibitishwa, ndiyo yanayomfanya mtu afungue kundi asubuhi kabla ya kufungua mengine yote. Watu hawabaki kundini kwa sababu ya wingi wa nyimbo, kwani nyimbo ziko kila mahali siku hizi. Wanabaki kwa sababu wanajua wakikosekana kuna jambo litakosekana.

Majibu hayo yasiachwe yateremke na mkondo wa salamu. Kila kundi lichague mwandishi mmoja, au wawili wanaopokezana, wa kuyanakili kwenye daftari la pamoja mtandaoni: jina la wimbo, bendi, mwaka kama unajulikana, wahusika, na jina la aliyetoa habari. Hilo la mwisho msilidharau. Habari ya "nilikuwepo ukumbini" na habari ya "nilisikia kwa shemeji" hazina uzito mmoja, na atakayekuja kusoma miaka thelathini ijayo ana haki ya kujua ipi ni ipi. Palipo na ubishi, andikeni pande zote mbili. Simu huibwa, huanguka chooni, hujaa zikafutwa. Daftari hubaki.

Kuhusu ukubwa wa kundi, nina msimamo wangu. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 katika kundi moja, na maadmini wengi wanahangaika kuijaza idadi hiyo kwa kuunganisha namba za watu bila hata kuwaomba. Matokeo yake ni umati wa walionyamazisha arifa na wachache wanaouza dawa za nguvu. Kundi la watu 40 wanaojibu linashinda hilo kwa mbali. Kueni, ndiyo, lakini kueni kwa kumtafuta mtu anayejua kitu. Kumbukeni bendi hizi zilikuwa na wenyewe: Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki, Bima Lee ya Shirika la Bima, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, Polisi Jazz ya polisi. Maana yake yuko mahali fulani karani mstaafu aliyeidhinisha ununuzi wa magitaa, dereva aliyeendesha gari la bendi hadi Songea na kurudi, fundi mitambo wa redio aliyekaa nyuma ya kioo wakati wimbo unarekodiwa. Watu hawa hawajioni kuwa sehemu ya historia ya muziki. Mwendeeni mmoja wao nyumbani, mwamkieni, mwombeni ruhusa, mrekodini kwa simu. Kama hana simu janja, mjukuu wake anayo.

Na akina mama wako wapi? Fungua kundi lolote la dansi utakuta wanaume wamejaa, kana kwamba kumbi zile walicheza peke yao. Wanawake walicheza, waliimba, waliimbwa. Kida Waziri alisimama jukwaani na Vijana Jazz na nchi nzima ikamsikiliza. Wako akina mama wanaokumbuka vitenge vilivyovaliwa, nani alitunzwa na nani, wimbo upi uliwatoa watu machozi na kwa nini. Wakiingia kundini wakakuta matusi na picha za aibu, wataondoka kimyakimya, na maadmini watasema wanawake hawapendi dansi. Sheria ya kundi iwe fupi, ijulikane na wote, na ifuatwe hata anapoivunja rafiki wa admini.

Utani wa Msondo na Sikinde, yaani Mlimani Park, msiuue. Ni chumvi ya muziki huu tangu hapo, na kundi lisilo na mtu wa kumkera shabiki wa upande wa pili linapooza. Ila wawepo maadmini wa pande zote, ili anayetolewa asiseme kaonewa.

Mengine ni ya kuhurumiana. Bando ni ghali kwa mstaafu; video ya dakika ishirini inaweza kumlia data ya siku nzima, kwa hiyo wekeni sauti fupi, na picha zenye maelezo ya nani ni nani kuanzia kushoto. Mkichangia mwanamuziki anayeumwa, fedha isikae kwenye namba ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani. Zipo huduma za vikundi kama M-Koba, na hata bila hizo watu watatu wanaweza kusimamia na kuweka hesabu wazi kundini siku ileile fedha inapokabidhiwa. Ugonjwa wa mtu ni siri yake: picha yake akiwa kitandani isisambazwe ili kuharakisha michango. Na nyimbo zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda watunzi na warithi wao, na sisi tunaojiita wapenzi tuwe wa mwisho kugawa albamu nzima bure. Familia ya mwanamuziki ikiuza kazi zake mahali, kundi ndilo liwe la kwanza kununua.

Vijana, nanyi nawaomba. Mnajua kusafisha sauti iliyojaa mikwaruzo, mnajua kukata video, kuweka maandishi chini yake na kuifikisha kwa watu laki moja kwa siku moja. Wazee wanajua kilichotokea. Ingieni kwenye makundi haya hata kama mtaitwa watoto wiki ya kwanza. Ulizeni bila woga, na mkijibiwa kwa ujumbe wa sauti wa dakika tisa wenye kikohozi katikati, usikilizeni hadi mwisho. Mara nyingi jina mnalolitafuta liko dakika ya nane.

Angalau mara moja kwa mwaka kundi likutane ana kwa ana, bendi ikipiga kama ipo, na wazee wakae viti vya mbele. Waliobishana mwaka mzima kuhusu mpiga besi wapeane mikono, na daftari lisomwe kwa sauti ili makosa yarekebishwe na waliokuwepo. Nakala yake ipelekwe maktaba, chuo kikuu au TBC, mahali ambapo itadumu kuliko simu zetu.

Wewe unayesoma, najua kuna mtu mmoja umemfikiria tangu uanze kusoma: mjomba, jirani, mama mkwe, yule mzee wa dirisha la tiketi. Mpigie simu wiki hii. Chagua wimbo mmoja anaoupenda, muulize nani alipiga nini, andika anayosema pamoja na jina lake, uyapeleke kundini. Kama huna kundi, lianzishe na watu watano.