Bunduki Zimechomwa, Viti vya Meya Bado Vinaporwa

Mzee Ahmet Türk, mwanasiasa wa Kikurdi, amechaguliwa kuwa meya wa Mardin, kusini-mashariki mwa Uturuki, mara tatu: 2014, 2019 na 2024. Hajamaliza muhula hata mmoja. Novemba 2016 serikali ya Uturuki ilimwondoa. Agosti 2019 ikamwondoa tena. Tarehe 4 Novemba 2024, mzee wa miaka 82, akatolewa ofisini kwa mara ya tatu. Na kila alipotolewa, aliyekalia kiti chake ni ofisa wa serikali ambaye hakuna mtu wa Mardin aliyempigia kura.

Waturuki humwita ofisa huyo kayyum, yaani msimamizi. Mimi namwita mpokeaji wa mali ya wizi.

Tuutazame wizi wenyewe ulivyotengenezwa. Sheria ya manispaa ya Uturuki, namba 5393, inasema meya akiondoka kabla ya muda wake, madiwani huchagua mwingine miongoni mwao. Utaratibu wa maana kabisa. Lakini Septemba 2016, wiki chache baada ya jaribio la mapinduzi lililoshindwa, ilitolewa amri ya hali ya hatari namba 674 iliyochomeka maneno mapya kwenye kifungu cha 45: ikiwa meya anahusishwa na ugaidi, madiwani wasiguse kitu, serikali italeta mtu wake. Hali ya hatari iliondolewa Julai 2018. Kifungu kimebaki. Na wala si lazima meya awe ametiwa hatiani. Kushtakiwa kunatosha, na kusini-mashariki mwa Uturuki ni mwanasiasa gani wa Kikurdi asiye na jalada mahakamani?

Siku ileile aliyoondolewa Türk, aliondolewa pia Gülistan Sönük, mwanamke kijana aliyeshinda umeya wa mji wa Batman kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura. Hakkari ilikuwa imeshachukuliwa tangu Juni. Huko Van walikuwa na haraka zaidi: Abdullah Zeydan alipata karibu asilimia 55 katika uchaguzi wa 31 Machi 2024, na siku mbili baadaye hati ya ushindi akapewa mgombea wa chama tawala, AKP, aliyepata nusu ya kura hizo. Watu wa Van walijaa barabarani, na tume kuu ya uchaguzi ikarudisha ushindi kwa mwenyewe. Wakashangilia. Februari 2025 kayyum akaletwa vilevile. Yaani mlango wa mbele ukifungwa, mwizi hupitia dirishani.

Nataka nieleweke. Simpambi Abdullah Öcalan wala PKK, chama chake cha wapiganaji wa Kikurdi. Vita walivyovianza Agosti 1984 vimeua watu zaidi ya 40,000. Mwishoni mwa 2015 vijana wake walichimba mahandaki katikati ya makazi ya watu, katika mtaa wa kale wa Sur mjini Diyarbakır. Jeshi likaja na vifaru, na sehemu kubwa ya mtaa ikawa kifusi. Wako akina mama wa Kikurdi ambao tangu Septemba 2019 wamekuwa wakikaa mbele ya ofisi ya chama cha kisiasa cha Wakurdi mjini humo wakiwadai PKK watoto wao waliopelekwa milimani. Madai yao ni ya haki, hata kama serikali inayafanyia siasa.

Lakini Öcalan huyohuyo, ambaye makomando wa Uturuki walimbeba kutoka Nairobi tarehe 15 Februari 1999, alipotoka nyumbani kwa balozi wa Ugiriki akidhani anapelekwa Uholanzi, ndiye aliyetoa wito Februari 2025 kutoka kisiwa cha İmralı alikofungwa, kwamba PKK iweke silaha chini na ijivunje. Tarehe 12 Mei chama kikatangaza kimejivunja. Julai 11, karibu na Sulaymaniyah nchini Iraq, wapiganaji 30, wanaume kwa wanawake, walitia bunduki zao ndani ya sufuria kubwa la chuma mmoja baada ya mwingine, zikawashwa moto.

Na Mardin siku hiyo? Kayyum. Batman? Kayyum. Van, Hakkari, Siirt? Kayyum, kayyum, kayyum.

Mpiganaji ameambiwa achome bunduki, siasa ndiyo njia. Siasa gani hiyo? Selahattin Demirtaş, mwanasiasa wa Kikurdi aliyegombea urais mara mbili bila kushika hata kisu alikamatwa Novemba 2016. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliagiza Desemba 2020 aachiwe mara moja. Jibu la Uturuki likaja Mei 2024: kifungo cha miaka 42.

Ankara ina wimbo wake: ugaidi ndio ulioleta umaskini, ukiisha neema itashuka. Batman inatoa mafuta tangu miaka ya 1940. Mwaka 2023 Rais Erdoğan alitangaza mafuta mengine ya mlima Gabar, mkoani Şırnak, ambayo alisema yatafikia mapipa 100,000 kwa siku. Mito ya Frati na Tigri imezuiwa kwa mabwawa makubwa. Bwawa la Ilısu peke yake limeuzamisha mji wa Hasankeyf ulioishi maelfu ya miaka. Umeme unakwenda. Mafuta yanakwenda. Na familia za Urfa na Mardin nazo kila kiangazi zinapakia magodoro na watoto kwenye magari, zinasafiri hadi pwani ya Bahari Nyeusi kuchuma karanga za hazeli kwa ujira wa siku, zinalala kwenye mahema. Mtu wa kuwauliza viongozi mapato yanaishia wapi angekuwa meya wao na madiwani wao. Selçuk Mızraklı alijaribu. Alipoingia ofisini Diyarbakır 2019 aliwaonyesha waandishi wa habari anasa alizojijengea kayyum aliyemtangulia. Haikupita miezi mitano akaondolewa, kisha akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka tisa.

Wapinzani wa Istanbul nao wasijifanye watakatifu. Mei 2016 kura za wabunge wa chama chao, CHP, zilisaidia kuwavua kinga wenzao wa Kikurdi. Mwenzao akinyolewa, wao walishika wembe. Oktoba 2024 meya wao wa Esenyurt, Ahmet Özer, akakamatwa na kayyum akaingia. Machi 2025 ikawa zamu ya meya wa Istanbul, Ekrem İmamoğlu mwenyewe, kukamatwa. Leo wanalia, na wana haki ya kulia. Ila Diyarbakır ililia miaka minane kabla yao.

Agosti 2025 bunge la Uturuki liliunda kamati ya amani yenye jina refu lililojaa mshikamano, udugu na demokrasia. Waheshimiwa, punguzeni hotuba. Fungueni sheria namba 5393, kifungu cha 45, mfute maneno yaliyochomekwa 2016. Meya mwenye kosa ahukumiwe mahakamani, nafasi yake ijazwe na madiwani waliochaguliwa. Halafu mpigieni simu Ahmet Türk, mwambieni arudi kazini, na mumwache amalize muhula wake.