Mkataba Haukubadilika, Lakini Mfuko Umepungua

Tunaandika kutoka Sakania, mpakani na Zambia. Katika makanisa yetu ya huku wengi wanaishi kwa mshahara: walimu, wauguzi, madeklaran wa duane, wafanyakazi wa kampuni za kamyo na za migodi. Wale ambao mshahara wao unahesabiwa kwa dolari wamekuwa wakituuliza swali moja: ikiwa mkataba haukubadilika, kwa nini pesa inayofika nyumbani imepungua? Wengine wanamshuku karani wa mishahara. Na kanisani, wengine wanamshuku ndugu mwenyewe, kwa sababu fungu lake la kumi limeshuka.

Sehemu kubwa ya jibu iko katika IPR, kodi iliyokatwa juu ya mshahara kabla mtu hajaupokea. Kodi hii ilihesabiwa kwa ngazi, na ngazi ziliandikwa kwa franka. Mwaka 2024, kwa mwezi, franka 162,000 za kwanza zilikatwa asilimia 3. Kutoka hapo mpaka 1,800,000 ilikuwa asilimia 15, mpaka 3,600,000 asilimia 30, na zaidi ya hapo asilimia 40. Kodi yote pamoja haikupaswa kupita asilimia 30 ya mapato.

Tumchukue mtu ambaye, baada ya kutoa CNSS, anabaki na dolari 1,000 za kuhesabiwa kodi. Mwaka 2019 dolari ilikuwa karibu franka 1,650. Bila kuhesabu watoto, kodi yake ilikuwa franka 228,060, ni kusema dolari 138. Mwaka 2024 dolari ilifika karibu franka 2,800. Dolari zake 1,000 zilikuwa zile zile, lakini kwa franka zilikuwa 2,800,000, na sehemu yake ikaingia katika ngazi ya asilimia 30. Kodi ikawa franka 550,560, karibu dolari 197. Hivyo dolari 58 zilitoka kila mwezi, na hakuna aliyepiga kura kupandisha kodi. Ngazi zilibaki pale pale, franka ikateremka.

Tusimsahau mwalimu anayelipwa kwa franka. Kodi yake haikupanda hivyo, lakini mshahara wake wote ulipoteza nguvu mbele ya bei ya unga sokoni.

Ndugu zetu walio Marekani hujaza karatasi kila mwaka, na mara nyingine wanarudishiwa pesa. Kwetu mwajiri ndiye anayekata kila mwezi na kupeleka kwa DGI. Kosa lisipoonekana mapema, ni vigumu kulirekebisha.

Biblia haitufundishi kukimbia kodi. Paulo, katika Warumi 13, anasema kodi ni deni linalopaswa kulipwa. Lakini Biblia haifungi macho. Katika Nehemia 5 watu wanalia kwamba wamekopa fedha juu ya mashamba yao ili walipe kodi ya mfalme. Nehemia hakuwaambia wanyamaze. Aliwakemea wakubwa mbele ya mkutano, na yeye mwenyewe akaacha posho ya liwali kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Na Yohana Mbatizaji aliwaagiza watoza ushuru wasichukue zaidi ya kiasi kilichowekwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila mfanyakazi aombe karatasi ya mshahara na aisome: CNSS asilimia 5, kisha kodi ya mshahara. Aangalie kama watu anaowalea wamehesabiwa, maana mwaka 2024 sheria ilipunguza kodi kwa asilimia 2 kwa kila mmoja wao, mpaka watu 9. Pili, mwajiri aliye mshirika wetu akumbuke kwamba CNSS aliyoikata bila kuipeleka ni uzee wa mtu mwingine alioula. Tatu, tuwaombe wabunge wetu kwamba ngazi zifuate nguvu ya franka, ili sheria isiendelee kumwita tajiri mtu ambaye hakuongezewa kitu.

Na sisi wachungaji, kabla ya kuhesabu fungu la kumi la ndugu, tujue kwanza ni nini kilichobaki mkononi mwake. Mungu anakijua.