Maumivu yasiyoonekana kwenye kipimo

Jilore iko magharibi ya mji wa Malindi, baina ya mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakazi wake, wengi wao Wagiriama, hutegemea mahindi, mihogo, maembe na mifugo michache, na miaka ya karibuni haikuwahurumia. Mwaka 2018, na tena mwishoni mwa 2023, Sabaki ulifurika ukaharibu mashamba ya kingoni; na baina ya mafuriko hayo mawili kulikuwa na ukame ulioanza mwaka 2020 na kuyakausha malisho ya Kilifi msimu baada ya msimu. Mazao yanayopotea huhesabiwa. Maafisa huja na madaftari, wakaandika ekari na mbuzi. Hasara ambayo haijaandikwa popote ni ile aliyobaki nayo mwenye shamba kifuani mwake.

Mtu mzima aliyepatwa na hasara hiyo haendi zahanati kusema kwamba ana huzuni. Husema kichwa chamgonga, usingizi umemtoroka, mgongo wawaka moto, moyo wamwenda mbio, chakula hakishuki. Wala hadanganyi, kwani maumivu hayo ni ya kweli. Lakini chanzo chake ni maradhi ambayo wataalamu wa lugha wameyapa jina la sonona, na ambayo watu wa kawaida huyaita mawazo. Akiyataja hayo mawazo, mara nyingi huyataja akiwa keshasimama aondoke, mkono mmoja u mlangoni.

Zamani malalamiko ya namna hiyo yalikuwa na jibu moja tu katika Pwani yetu, nalo ni malaria. Mgonjwa alipewa vidonge, akashukuru, akarudi baada ya mwezi na malalamiko yaleyale. Siku hizi kuna kipimo cha haraka cha damu, na sera ya afya yataka mgonjwa apimwe kabla hajatibiwa. Haya ni maendeleo makubwa. Hata hivyo yamefunua jambo ambalo hatukulitarajia: kipimo chaonyesha kwamba hakuna malaria, na muuguzi abaki na mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauna jina. Basi humpa dawa ya kutuliza maumivu na kumwita anayefuata.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya yamegunduliwa jana. Mwaka 1979 Profesa David Ndetei na mwenzake Muhangi walichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa waliofika kliniki ya mashambani nchini Kenya, wakaona kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila watano alikuwa na maradhi ya akili. Mwaka 2009 Ndetei na wenziwe walitoa uchunguzi mwingine, uliohusu wagonjwa 2,770 katika hospitali na vituo kumi. Wagonjwa 42 katika kila 100 walikuwa na dalili za sonona, nyepesi au nzito. Lakini waliokuwa wameandikiwa na watabibu wao ugonjwa wowote wa akili hawakufika hata watano katika 100. Miaka 30 ilipita baina ya chunguzi hizo mbili, na mgonjwa alikuwa angali akitoka mlangoni na kidonge cha kichwa.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni kwamba nchi yetu ilizoea kuyatazama maradhi ya akili kama jambo la kuta na makufuli. Hospitali ya Mathari ilianzishwa Nairobi mwaka 1910, na tangu hapo mtu akisikia kutajwa maradhi ya akili humfikiria yule avuaye nguo sokoni. Mama wa Jilore ambaye hajalala kwa miezi mitatu, lakini angali akichota maji na kuwapikia watoto, hayumo katika picha hiyo. Sheria nayo ilichangia. Kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilimfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Si ajabu, basi, kwamba jamaa waliificha habari ya mgonjwa wao. Ni mwezi wa Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungo hicho chapingana na Katiba.

Sababu ya pili ni foleni. Muuguzi wa zahanati ya kijijini hupima wajawazito, huchanja watoto, huzalisha, hufunga vidonda na kujaza madaftari ya wizara. Kumwambia mtu huyo akae na kila mgonjwa nusu saa amweleze ya moyoni ni kumdhihaki. Yeyote apendekezaye tiba ya sonona katika zahanati bila ya kuitazama foleni hiyo hajapata kukaa kwenye benchi lake.

Na benchi ndilo mahali pa kuanzia. Wapo wahudumu wa afya ya jamii, kiasi cha 100,000 nchini kote, ambao serikali iliwazindua upya mwaka 2023. Walipewa mikoba yenye kipimo cha shinikizo la damu, kipimo cha sukari na mizani. Huzuni haikutengewa chombo, ingawa chombo chake hakina bei: ni maswali mawili. Je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya kufanya mambo uliyoyapenda? Je, umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Anayejibu ndiyo huulizwa maswali tisa kamili, ambayo yamekwisha kufasiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa. Kazi hiyo yaweza kufanywa na mhudumu wakati wagonjwa wakingoja, mahali pa faragha kidogo, na kwa Kigiriama pale Kiswahili kinapokuwa cha wageni. Muuguzi angeletewa wale wachache tu wenye kumhitaji.

Wako watakaosema kwamba maneno matupu hayatibu. Ushahidi wakataa. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, nchini Uganda, watu wasio madaktari walifunzwa kuongoza vikundi vya mazungumzo kwa wiki 16, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha nafuu kubwa. Mjini Harare, Dakta Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwaketisha akina nyanya kwenye benchi nje ya zahanati, wawasikilize wagonjwa na kuwasaidia kulitatua tatizo moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliobaki na sonona miongoni mwa waliosikilizwa ni kiasi cha 14 katika 100, na miongoni mwa wale waliopata huduma ya kawaida ni 50 katika 100. Nyanya wenye busara hatujawakosa Kilifi. Kwa hakika tuna aibu ya wazee wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi, ilhali tungeweza kuwapa kazi ya heshima kama hiyo.

Hoja nzito zaidi ni ile isemayo kwamba shida ya Jilore ni umaskini, na umaskini hautibiwi kwa maswali. Kuna ukweli humo, na anayemgawia dawa mwenye njaa bila ya kumfikiria chakula anajihadaa. Lakini tutazame mvua inaporudi. Jirani wawili walipoteza mahindi sawasawa. Mmoja achukua jembe, wa pili abaki amelala huku ardhi ikiwa rutuba. Huyo wa pili ana umaskini na ana ugonjwa, na ule ugonjwa ndio unaomzuia kuuondoa umaskini. Mara nyingi ni mwanamume, na zahanati haimjui kabisa. Hujulikana mangweni, ambako mnazi humpa usingizi wa saa chache. Wahudumu wasiofika huko watakuwa wamewahudumia nusu ya wagonjwa.

Waganga wa jadi nao wasipuuzwe. Watafiti wa KEMRI mjini Kilifi wamekaa nao kwa miaka mingi juu ya kifafa, na iliyodhihirika ni kwamba mgonjwa yuleyule huenda kwa mganga na huenda hospitali. Mganga aliyefunzwa lini ampeleke mgonjwa zahanati ni bora kuliko mganga aliyetukanwa.

Maafa makubwa ya Shakahola yalipofichuka mwaka 2023, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, washauri nasaha waliletwa Malindi, na walifanya vyema. Lakini huzuni isiyo na kamera haikungojea kuletewa mtu, wala haikuondoka walipoondoka.

Limebaki suala la dawa. Amitriptailini na fluoksetini ni dawa za kale, zisizo ghali. Hata hivyo huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya mgonjwa kuhisi nafuu, na zataka kumezwa kwa miezi kadhaa bila kukatizwa. Mgonjwa atembeaye kwa miguu mchana kutwa akakuta zimekwisha huwa amerudishwa mwanzo, na pengine hatarudi tena. Huduma za afya zilikabidhiwa kaunti mwaka 2013, na mwaka wa fedha huanza Julai. Kabla ya bajeti kupitishwa, mwakilishi wa wadi ya Jilore, na wenzake wa kaunti nzima, wamuulize waziri wao wa afya: katika miezi kumi na miwili iliyopita, dawa hizi zilikosekana zahanatini kwa siku ngapi?